Mabondia wa kilo chache: nani hasa alikuwa na ngumi moja ya kumaliza kazi? Mimi nasema Donaire, si Inoue

Kengele ya Mwisho (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila Naoya Inoue akipanda ulingoni, humu ndani unazuka ubishi uleule: Mjapani huyu ndiye mwenye ngumi nzito kuliko wote waliowahi kupigana chini ya kilo 60. Mmoja anamwaga asilimia za KO (kumzima mpinzani kabla pambano halijafika mwisho), mwingine anajibu kwa klipu, mwisho tunaishia kutukanana. Nimeona nifungue uzi wenye swali jembamba. Siulizi nani bondia bora, wala nani ana KO nyingi. Nauliza: nani, akikupata mara moja tu, hata kama mpaka dakika ile ulikuwa mzima wa afya na unaongoza kwa pointi, hunyanyuki?

Jibu langu nalitanguliza ili wenye haraka waanze kunishambulia. Ni Nonito Donaire wa Ufilipino, ile huki yake ya kushoto (ngumi ya kuzungusha kutoka pembeni) ya kati ya 2007 na 2011. Inoue ni bondia mkubwa kumzidi, na ukijumlisha ngumi zake zote, mikono yote miwili, kichwani na mbavuni, anapiga kwa uzito kumzidi pia. Ila tukisema ngumi moja, iwe moja kwelikweli, Donaire yuko mbele.

Asilimia tuziweke kando kwanza, maana zinapotosha kuliko zinavyosaidia. Mwaka 1977 pale Inglewood, California, walikutana Wamexico wawili wa uzito wa bantamu (kilo 53.5). Carlos Zárate alikuwa ameshinda mapambano 45, 44 kwa KO. Alfonso Zamora alikuwa ameshinda 29, yote 29 kwa KO. Kwa asilimia, Zamora alikuwa mkamilifu. Zárate akamlaza raundi ya nne. Na ukitazama Zárate anavyofanya kazi, hakuwa mtu wa bomu moja hata kidogo. Alikuwa mrefu, mtulivu, anaweka kila ngumi mahali pake, na unapoanguka ni kwa sababu umeshakula kumi zilizotangulia. Alistaafu na KO 63 katika ushindi 66. Kama asilimia ndiyo kipimo, uzi huu ungeishia hapa na tungeenda kulala.

Au mchukue Wilfredo Gómez wa Puerto Rico. Alitetea mkanda wake wa kilo 55.3 mara 17, na zote 17 alishinda kwa KO. Sijui kama kuna atakayeifikia hiyo. Lakini Gómez alikuwa anakubomoa tofali moja moja mpaka paa linashuka lenyewe. Ni uuaji wa aina nyingine, na kwangu mimi ni ubondia wa juu zaidi kuliko wa ngumi moja. Ila sicho ninachouliza.

Ninachotazama mimi ni haya: aliyepigwa alikuwa nani, alikuwa bado na nguvu zake au keshalainishwa, na je, wengine waliompiga mtu yuleyule walimwangusha au walimaliza naye raundi 12? Hilo la mwisho ndilo linaloamua mengi, kwa sababu kidevu cha mtu ni kilekile, kinachobadilika ni mkono unaokuja.

Sasa tuje kwa Donaire. Julai 2007, Bridgeport, Connecticut. Vic Darchinyan ni bingwa wa uzito wa flai (kilo 50.8), hajawahi kupigwa, mashoto mbabe, anaingia kwa kiburi huku mikono iko kiunoni. Raundi ya tano anarusha kushoto kwa nguvu zote. Donaire anarudi nyuma nusu hatua, na huki ya kushoto inamkuta Darchinyan akiwa bado anakuja. Alijaribu kuinuka, miguu ikakataa, akaangukia kamba. Huyohuyo Darchinyan baadaye alipanda bantamu, ambako watu ni wakubwa zaidi, akamaliza raundi 12 na Joseph Agbeko wa Ghana, akamaliza na Abner Mares, akamaliza na Anselmo Moreno. Mwaka 2012 akamaliza 12 na Shinsuke Yamanaka, ambaye mkono wake wa kushoto Wajapani wenyewe walikuwa wanauita wa kimungu. Hao wote walimshinda kwa pointi. Donaire alimshinda kwa ngumi moja, tena kwenye uzito mdogo zaidi.

Februari 2011, Las Vegas, Fernando Montiel. Hapa naomba mkaitazame upya polepole. Montiel hakuwa mtu wa kuokota. Alikuwa bingwa wa mikanda miwili ya bantamu, na Aprili ya mwaka uliotangulia alikwenda Tokyo akamzima Hozumi Hasegawa raundi ya nne nyumbani kwao. Raundi ya pili na Donaire, Montiel anatuma kulia. Zinaondoka karibu pamoja. Kulia kwa Montiel kunagusa shavu, huki ya Donaire inafika upande wa kichwa. Montiel akaanguka chali, mikono na miguu ikawa inacheza yenyewe hewani kama vile kila kiungo kinapokea amri yake. Maajabu ni kwamba aliinuka. Akayumba, akaanguka tena, akainuka, na refa akamruhusu aendelee. Mpaka leo sielewi refa aliona nini machoni mwa yule mtu. Donaire akaongeza mbili, pambano likasimamishwa.

Siri ya mkono ule, kwa maoni yangu, haikuwa msuli. Donaire alikuwa anakualika. Anakuachia nafasi ya kurusha kulia, unaiona, unaitamani, unarusha. Ukisharusha, uzito wako wote uko njiani kwenda kwake, shingo imelegea kwa sababu akili yako iko kwenye kupiga na si kupigwa, na kidevu kimebaki wazi upande uliotokea mkono. Huki inakuja kutoka nje ya macho. Ngumi unayoiona unaifungia shingo. Usiyoiona inazungusha taya, kichwa kinageuka ghafla, ubongo unatikisika ndani ya fuvu, na taa zinazimika. Mtu wa kilo 51 hana haja ya kupiga kama wa kilo 100, ilimradi kasi yake na ya kwako zinakutana kidevuni mwako.

Na Inoue je? Mkuu huyu nimemtazama kila pambano, msidhani namchukia. Oktoba 2018, Yokohama, alimmaliza Juan Carlos Payano katika sekunde 70. Hatua ndogo kushoto, jabu (ngumi fupi ya mkono wa mbele) inayomziba macho Payano, kulia iliyonyooka nyuma yake, kwisha. Payano hajawahi kuzimwa kabla. Hiyo naihesabu kuwa ngumi moja, jabu ilikuwa pazia tu. Emmanuel Rodríguez 2019 kule Glasgow ni mbavu, akapiga magoti akimtazama kocha wake na kutikisa kichwa. Lakini tukija kwa Stephen Fulton, Marlon Tapales, Paul Butler, hao ni raundi ya nane, ya 10, ya 11. Ni kazi ya kubomoa.

Kisha kuna ushahidi wa wawili hao kukutana uso kwa uso, Saitama, Novemba 2019. Donaire alikuwa na miaka karibu 37. Raundi ya pili huki ileile ilimpasua Inoue juu ya jicho na kumvunja mfupa wa tundu la jicho la kulia. Alipigana raundi 10 zilizobaki akiona watu wawili wawili. Mwenye mkono wa namna hiyo uzeeni, ujanani alikuwa nani?

Haya, karibuni.

Kona Nyekundu

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka palipo na moto. Umesema kipimo chako ni mtu mmoja aliyepigwa na watu tofauti. Basi twende na Omar Narváez.

Oktoba 2011, New York, Donaire wako yuko kwenye kilele, miezi minane tu baada ya kumlaza Montiel. Anapigana na Narváez wa Argentina kwenye bantamu, na Narváez ni mdogo kwa umbo, amepanda uzito. Raundi 12 zote zimekwisha, Narváez hajagusa chini hata kwa goti. Desemba 2014 Narváez yuleyule, sasa kwenye kilo 52.2 ambako ndiko kwake hasa, anakutana na Inoue aliyekuwa na mapambano saba tu ya kulipwa. Hajawahi kuangushwa maishani. Inoue anamwangusha mara nne ndani ya raundi mbili. Kona ya Narváez, yaani makocha wake, ikaomba ikague glovu za kijana, wakadhani kuna kitu ndani. Hakukuwa na kitu.

Kwa kipimo chako mwenyewe kesi imefungwa.

Kengele ya Mwisho

Kaka nilijua Narváez atakuja, na nilijua ataletwa na wewe.

Hilo pambano la New York umelitazama lote au umesoma matokeo? Narváez alikuja kuokoa afya yake. Alijifunika uso kwa mikono miwili kuanzia kengele ya kwanza, akarusha ngumi chache mno, na ukumbi mzima ukawazomea. Nimesema siri ya huki ya Donaire ni kukuvizia unaporusha. Mtu asiyerusha, Donaire hakuwa na dawa yake, na hilo ni pungufu lake kweli, silikatai. Inoue hahitaji urushe. Anavunja mlango akiwa amekukuta umefunga.

Na Narváez wa 2014 alikuwa na miaka 39. Sisemi hiyo inafuta ulichosema, nasema uiweke kwenye mizani.

Kona Nyekundu

Umejijibu mwenyewe. Ngumi inayohitaji msaada wa anayepigwa ni ngumi nusu. Nguvu ya kweli inafanya kazi hata mtu akijikunja kama kobe. Na usisahau kumalizia hadithi ya Saitama: huki imevunja mfupa, ndiyo, lakini aliyepigwa alibaki wima. Raundi ya 11 Inoue akapeleka kushoto moja kwenye ini, Donaire akageuka, akatembea hatua kadhaa, akapiga goti. Moja tu. Na marudio ya Juni 2022 Donaire hakufika raundi ya tatu.

Mshika Padi

Wakubwa, nisaidie kwa upande wa gym maana humu wengi mnatazama kwenye skrini.

Nimeshika padi (mito ya mkononi ya kupokea ngumi mazoezini) kwa vijana wengi wa kilo 50 hadi 60 hapa Dar. Kitu cha kwanza unachojifunza ni kwamba sauti inadanganya. Kuna kijana akipiga padi inalia paa mpaka walio nje wanachungulia, na mkono wako hausikii kitu. Mwingine haitoi sauti, inatoka "bup" ya chini chini, na wewe bega linauma siku inayofuata. Kwenye begi ndiyo utaona vizuri zaidi. Begi likiruka mbali, ule ni msukumo. Begi likikunjika katikati na kubaki palepale, ile ni ngumi. Wa pili ndiye anayeangusha watu.

Na wa pili mara nyingi si yule mwenye misuli. Ni yule ambaye kisigino chake cha nyuma kinageuka kwa wakati, nyonga inafuata, bega linafuata, na mkono unafika mwisho kabisa ukiwa umelegea hadi sentimita za mwisho ndipo unakaza. Anayekaza mkono tangu mwanzo anajifunga breki mwenyewe. Mtazameni Inoue miguu, achaneni na mikono. Yule bwana anapiga kwa miguu.

Jambo jingine ambalo hamjaligusa ni kilo. Hawa wa uzito mdogo wanapima siku moja kabla. Mtu wa kilo 58 anajikausha hadi 53.5, anashinda na njaa na mdomo mkavu, halafu ana saa 24 au zaidi za kujirudishia maji. Kuna anayerudi vizuri na kuna anayepanda ulingoni bado mwili haujarudi. Huyo wa pili hata kofi linamtikisa. Darchinyan wa kilo 50.8 na Darchinyan wa kilo 53.5 huenda si kidevu kilekile, mwanzisha uzi. Pengine bantamu alikuwa anakula chakula cha usiku.

Na glovu. Kwa kawaida mpaka kilo 66.7 ni aunsi 8, juu ya hapo ni aunsi 10. Yaani mtu wa kilo 50 anavaa glovu sawa na ya Mfilipino Manny Pacquiao alipopigana uzito wa welta.

Kengele ya Mwisho

Mshika Padi hapo kwenye kilo za Darchinyan umenigusa, nakiri ni hoja ambayo siwezi kuiruka. Nitasema tu kwamba 2013 walirudiana kwenye unyoya (kilo 57.2), Darchinyan akiwa anakula chakula cha usiku na cha mchana pia, na Donaire akamsimamisha tena, raundi ya tisa.

Jukwaa la Nyuma

Nimesoma mpaka hapa nasubiri jina moja, naona limetajwa kwenye glovu tu. PACQUIAO.

Desemba 1998, Thailand, kilo 50.8. Chatchai Sasakul anamchezea Pacquiao kama mtoto, anaongoza pointi. Raundi ya nane kushoto inafika, Sasakul anakwenda kifudifudi. Mei 2009, Las Vegas, kilo 63.5. Ricky Hatton, mwisho wa raundi ya pili, kushoto moja, refa hakuhesabu mpaka mwisho. Mayweather alimhitaji Hatton mpaka raundi ya 10. Kati ya kushoto ile ya Thailand na ile ya Vegas kuna kilo karibu 13. Nitajieni mwingine aliyebeba ngumi moja umbali huo. Donaire wenu alipopanda unyoya akakutana na Nicholas Walters wa Jamaika akalazwa yeye, raundi ya sita, 2014.

Kengele ya Mwisho

Pacquiao ni hoja nzito na sina jibu la kukutosheleza. Kubeba nguvu kupanda uzito ndicho kipimo kigumu kuliko vyote. Wengi wanaua kwenye kilo 52, wakipanda hatua mbili wanakuwa wapigaji wa kawaida. Ila Pacquiao wa 1998 hadi 2003 alikuwa anategemea wingi na kasi, ngumi zinatoka sita sita. Ile ya Hatton ni ngumi moja safi, lakini Hatton alishaangushwa mara mbili raundi ya kwanza. Montiel alikuwa mzima.

Walters sawa. Nilisema 2007 hadi 2011, kwa makusudi.

Kona Nyekundu

Hahaha, "kwa makusudi". Ukishaweka uzio wa miaka minne, hata mimi ni bingwa.

Mwana Dodoma

Nimengoja mtu amtaje Rogers Mtagwa, naona kimya. Mtanzania, mzaliwa wa Dodoma, alihamia Philadelphia na kupigana kwenye super-bantamu na unyoya. Sisi wenyewe tumemsahau.

Oktoba 10, 2009, New York. Juan Manuel López wa Puerto Rico ni bingwa wa dunia wa WBO (mojawapo ya mashirika yanayotoa mikanda) kilo 55.3, hajapigwa, na mwaka uliotangulia alimzima Daniel Ponce de León raundi ya kwanza. Ponce de León naye alikuwa mpiga mabomu kwelikweli. Kwa hiyo Mtagwa aliwekwa pale awe kitoweo cha usiku. Walichosahau ni kwamba Mtagwa alikuwa ndani ya raundi ya 12 bado anatembea mbele.

Tazameni raundi hiyo ya mwisho kama hamjawahi. López miguu imekwisha kabisa. Anashika, anaanguka kwenye kamba, anashika tena, Mtagwa anampiga kulia na macho ya López yanaangalia mahali pengine. Kengele ndiyo iliyomwokoa, waamuzi wote watatu wakampa López kwa raundi za mwanzo. Dakika moja ya ziada tungekuwa na bingwa wa dunia wa Kitanzania aliyemzima mmoja wa wapigaji wakali wa wakati ule, tena New York.

Sasa kuhusu swali lako, mwanzisha uzi. Mtagwa hakuwa mtu wa ngumi moja. Alikuwa mtu wa kupokea tatu ili arushe mbili. Mwaka 2008 alimsimamisha Tomás Villa raundi ya 10 kwa mtindo huohuo. Na gharama yake tuliiona Januari 2010, aliporudi New York, miezi mitatu na kidogo baada ya López, kukutana na Yuriorkis Gamboa wa Cuba. Raundi mbili, kwisha. Wengine wakasema Gamboa ana ngumi za ajabu. Alikuwa nazo, ndiyo, lakini mtu aliyemaliza vita vya raundi 12 Oktoba, Januari kumpeleka kwa Gamboa ni biashara ya watu wa mikataba. Ndiyo maana na mimi nasema tuangalie aliyepigwa alitoka wapi kabla ya kumsifu aliyepiga.

Ngumi Mkononi

Mwana Dodoma umenikumbusha mbali, heshima kwako.

Mimi nipo Nairobi. Huku kwetu mzee yeyote ukimuuliza ngumi moja atakuambia Robert Wangila, Seoul 1988, fainali ya Olimpiki, Mfaransa Laurent Boudouani chini raundi ya pili. Sasa sijui kama anaingia kwa kilo zenu.

Kengele ya Mwisho

Kilo 67 mkuu. Ningependa, ila tukimwingiza Wangila wataingia na wengine na uzi utafika uzito wa juu kabla ya magharibi.

Ngumi Mkononi

Sawa, basi Afrika nakupa wengine wawili wanaoingia.

Wa kwanza Azumah Nelson wa Ghana, bingwa wa unyoya. Oktoba 1985 alikwenda Birmingham kumkuta Pat Cowdell mbele ya watu wake. Cowdell hakuwa kidevu cha kioo. Mwaka 1981 alimaliza raundi 15 na Salvador Sánchez, tena majaji wakagawanyika. Azumah alimaliza kazi raundi ya kwanza kwa apakati ya kushoto iliyotoka chini kabisa. Cowdell alilala pale muda mrefu. Kwa kipimo chako cha mtu mmoja mikono miwili, mwanzisha uzi: Sánchez raundi 15, Azumah raundi moja haijaisha. Na Sánchez ndiye aliyemsimamisha huyo Gómez wako wa KO 17.

Wa pili Zolani Tete wa Afrika Kusini. Novemba 2017, Belfast, bantamu, anatetea mkanda wa WBO dhidi ya mwenzake Siboniso Gonya. Mashoto, huki moja ya kulia, sekunde 11. Hakuna pambano la ubingwa wa dunia lililowahi kuisha upesi hivyo.

Kengele ya Mwisho

Azumah na Cowdell! Hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta kichwani wakati naandika ikanikimbia. Ukiniambia nitaje ngumi moja bora katika historia ya uzito wa unyoya, sina nyingine.

Tete nampa nusu. Gonya hakuwa na wasifu wa mpinzani wa ubingwa, na aliingia mkono wa kushoto uko chini. Miaka miwili baadaye John Riel Casimero alimsimamisha Tete raundi ya tatu pale Birmingham. Ngumi ilikuwepo, ila sekunde 11 zinasema zaidi kuhusu Gonya.

Jukwaa la Nyuma

Khaosai Galaxy mnamwacha kwa sababu klipu zake hazionekani vizuri? Mthai, kilo 52.2, alitetea mkanda mara 19, KO 41 katika ushindi 47. Na Naseem Hamed, mtoto wa Wayemeni wa Sheffield, KO 31 katika 36. Hamed alikuwa anapiga akiwa amesimama vibaya, mguu hewani, anarudi nyuma, na watu wanaanguka vilevile. Hiyo ni nguvu ya kuzaliwa nayo, haifundishwi. Mshika Padi aniambie kisigino cha Hamed kiligeuka saa ngapi.

Mshika Padi

Hakikugeuka, hahaha. Hamed ndiye anayeharibu vijana gym. Kila mmoja anataka kushusha mikono kama yeye. Ila angalia nyonga yake hata akiwa anarudi nyuma, inazunguka vizuri kuliko ya wengi waliosimama sawa. Na alikuwa anapiga kutoka pembe ambayo mazoezini hujawahi kuiona, kwa hiyo tunarudi palepale, shingo haijajiandaa. Kevin Kelley 1997 alimwangusha mara tatu, naye akamwangusha Kelley mara tatu, kwa raundi nne. Mtu asiye na msingi akikutana na mwenye mpango hufika mahali anashindwa, Marco Antonio Barrera wa Mexico, aliyemshinda 2001, alimwonyesha.

Kona Nyekundu

Narudi kwa mwanzisha uzi kabla hatujapotea. Nimekaa nikatafuta mtu wa kuunga mkono hoja yako, maana mimi si mchoyo. Junto Nakatani, Mei 2023, Las Vegas, kilo 52.2, dhidi ya Andrew Moloney. Raundi ya 12, Nakatani anaongoza, hana haja ya chochote, anaweza kukimbia mpaka kengele. Moloney anainama kukwepa, kushoto kunapita juu ya bega kunamkuta huko alikokimbilia. Alilala chali macho wazi. Inoue hana KO ya namna hiyo, ninakupa. Lakini Nakatani anayo, na Donaire wako ana mpinzani mpya.

Kengele ya Mwisho

Moloney alikuwa ameshaangushwa raundi ya pili na ya 11, kwa hiyo kwa kanuni yangu kali alikuwa amelainishwa. Ila ile kushoto ingemlaza hata angekuwa ametoka chumba cha kubadilishia nguo. Naikubali.

Kama tunafuata kanuni hiyo, basi na Oscar Valdez dhidi ya Miguel Berchelt, Februari 2021, haiingii. Watu wanaitaja sana, huki ya kushoto mwisho wa raundi ya 10, Berchelt kifudifudi. Berchelt alikuwa ameshahesabiwa mara mbili kabla. Ya Gervonta Davis kwa Leo Santa Cruz, Oktoba 2020 kule San Antonio, hiyo inaingia bila kubisha. Santa Cruz hajawahi kusimamishwa, pambano liko sawa, anarusha kulia akiwa karibu na kamba na apakati ya kushoto inapanda katikati ya mikono yake. Aliyekuwa anatazama na mimi alidhani amekufa.

Kona Nyekundu

Kwa hiyo Davis juu ya Donaire?

Kengele ya Mwisho

Santa Cruz siku ile alikuwa kilo 59, na alianzia bantamu. Montiel na Donaire walikuwa wa kilo zao.

Kona Nyekundu

Montiel alianzia flai, mkuu.

Kengele ya Mwisho

Ngoja nikaitazame tena nirudi.